Tupeni dawa za miezi mitatu, sisi wa presha na sukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua mmezoea barua fupi, lakini nimesubiri muda mrefu mtu mwingine aliandike jambo hili na sijamwona, basi mnivumilie. Mimi ni mkulima wa karoti na viazi huku milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, mjane wa miaka 63. Nina presha na nina sukari. Presha ilitangulia, sukari ikaikuta nyumbani.

Ombi langu nalisema mapema ili mwenye haraka asihangaike kulitafuta: mgonjwa wa presha au sukari ambaye hali yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, na vipimo vya katikati afanyiwe kwenye zahanati ya kijijini kwake. Basi. Kinachofuata ni maelezo ya kwa nini.

Kliniki yetu ni kila mwezi, siku ya Jumanne, hospitalini. Hospitali yenyewe sitaitaja, maana sina ugomvi nayo. Wauguzi wake ni watu wema, na mmoja wao nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa shambani. Ugomvi wangu ni na utaratibu. Kutoka kwangu hadi barabara ya lami ni mteremko, kisha kilima, kisha mteremko tena. Ukitaka namba ya mapema unatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Vijana wa bodaboda wa huku wanaijua njia hata wakifumba macho, lakini masika utelezi ukishashika hata wao hukwambia, "Bibi, hapa shuka, tutakutana juu." Unashuka, unavua kandambili, unapanda kwa miguu gizani, simu ya tochi mkono mmoja na mkono mwingine daftari la kliniki. Daftari langu nalitia kwenye mfuko wa nailoni wa zamani, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019. Huo mmoja nimeuficha kwa kazi hiyo tu, na mkaguzi akiutaka aje anipe kwanza kitu kingine kisichopitisha maji. Daftari likilowa wino ukatoka, historia yako yote imekwenda na maji, maana hospitalini hawana nakala.

Kwenye lami unasubiri Kosta. Ikija imejaa unasimama. Wanaoijua barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto wanajua kona zake. Kusimama ndani ya Kosta kwenye kona zile ni kazi ya mwili mzima.

Na yote hayo tumboni hamna kitu. Sisi wa sukari tunaambiwa tuje hatujala, ili kipimo cha kidole kisome sukari ya mtu aliyefunga angalau saa nane. Sawa. Mimi nakula saa mbili usiku, nalala. Mtu anayeishi nyuma ya hospitali anaamka saa moja, anapimwa saa mbili, anarudi kunywa uji. Mimi kidole changu kinachomwa saa nne, siku nyingine saa tano. Hapo nimekaa saa kumi na nne au zaidi bila chakula, nimepanda kilima, nimesimama kwenye Kosta. Wanaotumia vidonge vile vidogo vya sukari, glibenklamidi, ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu dawa ile hushusha sukari uwe umekula au hujala. Kuna mzee wa kutoka upande wa pili wa mlima alimeza chake alfajiri kwa kuogopa kuulizwa kama ameruka dawa. Tulikuwa tumekaa naye kwenye benchi, mara akaanza kutoka jasho jembamba na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, akawa anajibu mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Mama mmoja muuza maandazi ndiye aliyejua. Alimnywesha soda, kidogo kidogo, akarudi katika akili zake kabla hata hatujamwita muuguzi. Sukari ikishuka chini ya 4 ndivyo inavyokuwa. Mzee aliamka pale akacheka, akasema leo nimekunywa soda kwa ruhusa.

Sasa presha. Hapa naomba wataalamu wanisome taratibu, maana ndipo penye hoja yangu.

Wengi wetu wa presha, pamoja na kidonge kingine, tumeandikiwa dawa ya mkojo. Inakunywewa asubuhi, na kwa saa kadhaa huna raha, kila mara unatafuta choo. Nyumbani hilo si tatizo, choo kiko nyuma ya migomba. Lakini nani mwenye akili timamu ataimeza saa kumi alfajiri halafu apande Kosta? Dereva hasimami, na hata akisimama, mwanamke wa umri wangu ajisitiri wapi pembeni ya lami kunakokucha? Kwa hiyo siku ya kliniki hakuna mama anayeinywa. Ulizeni benchi zima, mtaambiwa hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Siku hiyo moja ambayo daktari anataka kujua dawa inafanya kazi gani, ndiyo siku ambayo dawa haijanywewa.

Ukifika, kuna ngazi. Huku kwetu hospitali, shule, msikiti, kanisa, vyote vimejengwa kwenye vilima. Unapanda ngazi, unaweka daftari kwenye foleni, na kwa kuwa unataka kuwahi kurudi unakwenda mbio mbio. Unaitwa. Unakaa kwenye stuli isiyo na pa kuegemea, mkono unaning'inia, muuguzi ana watu mpaka nje ya mlango, anakuuliza umetoka kijiji gani na unamjibu huku mashine inabana. Siku ninayoikumbuka vizuri ilisoma 172 kwa 104. Akaniangalia. "Bibi, dawa unakunywa kweli?"

Swali hilo tunalijua sote. Ukisema ndiyo huaminiki, ukieleza habari za Kosta unaonekana una maneno mengi. Daktari akaniongezea amlodipini, kile kidonge changu kingine cha presha, kutoka miligramu 5 hadi 10.

Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa mtoni naosha karoti. Wasiojua kazi hii niwaeleze: karoti inang'olewa jioni, inaoshwa mtoni alfajiri ili fuso likifika ikute inameremeta, la sivyo dalali anaikatia bei. Unainama muda mrefu, maji ni ya baridi, unasugua kwa miguu na mikono. Nilipoinuka kujinyoosha dunia ikageuka. Jirani yangu alinidaka kwa khanga, gunia likaenda na maji. Miguu nayo ilikuwa imevimba kuanzia vifundoni, viatu vya mpira vilikataa kuingia. Kijijini hapakosi wenye majibu. Mmoja alisema presha imeteremkia miguuni. Mwingine alikuwa na jina la mtu aliyenifanyia.

Nilikwenda zahanati yetu, mwendo wa kutoka adhana mpaka sala kumalizika. Pale kuna muuguzi mmoja kijana, nadhani hajafika miaka thelathini. Hakunipima. Alinikalisha kwenye kiti chenye mgongo, akaniambia nitulie, akaenda kumpima uzito mtoto wa watu. Aliporudi akanitaka kwanza niende chooni. Kisha miguu yote chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo kimya. Akapima, akangoja kidogo, akapima tena. Kisha akanisimamisha akapima mara ya tatu. Nikiwa nimekaa presha ilikuwa ya kawaida kabisa, nikisimama ilikuwa inashuka mno. Akaniambia dawa imenizidi, na kwamba kidonge hicho kikiwa kikali huvimbisha miguu, si uchawi wala si presha. Akaandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo nalo si dogo.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam aliposikia akanitumia mashine ya kupimia nyumbani, ya kufunga mkono wa juu. Nikawa napima asubuhi kabla ya dawa na jioni baada ya kukata majani, mjukuu wangu wa darasa la sita anaandika, maana macho yangu na namba zile ndogo hayaelewani. Nilipopeleka kurasa zile kliniki nilimkuta daktari mwingine, kijana pia, akazisoma zote pale pale huku foleni ikinung'unika. Akanirudishia 5. Akasema nisipime mara kumi kwa siku nikajitia hofu, inatosha hivyo hivyo. Tangu hapo niko salama, shukrani kwa Mungu.

Ndugu Mhariri, kupima presha ya mtu aliyetoka kupanda mlima ni sawa na kupima kina cha mto siku ya mafuriko. Namba ni ya kweli, lakini daraja hulijengi kwa namba hiyo. Kinachopimwa kule hospitalini ni safari yangu, na dawa naongezewa kwa ajili ya safari, kisha nabaki nayo nyumbani siku zote zilizobaki za mwezi ambazo sisafiri. Nani mwingine huku mlimani ameanguka mtoni kwa namna hiyo hakuna anayejua, kwa sababu mtu akianguka tunasema presha imemwangusha, hatusemi dawa ya presha.

Upande wa sukari dawa ya tatizo hili ipo. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, na hakihitaji mtu awe hajala. Uje umekula makande yako, umeshiba, umekunywa na chai, kitasema ukweli ule ule. Hakimjali aliyejinyima wiki ya mwisho ili amfurahishe daktari, na tuko wengi tunaofanya hivyo. Nimekifanyiwa hospitali ya mkoani na nikakilipia. Kingefanywa mara mbili au tatu kwa mwaka kwa kila mgonjwa, na katikati zahanati ichome kidole asubuhi mtu akitokea nyumbani kwake, ingekuwa na maana kuliko hizi namba za saa tano ambazo sijui hata daktari anazifanyia nini.

Sasa nije kwenye nauli na muda. Boda na Kosta, kwenda na kurudi, pamoja na chai nikishapimwa, havipungui Sh18,000, na masika boda hupandisha. Dawa zangu za mwezi mzima, hata siku ile nikiambiwa dirishani "hii haipo, kanunue nje", hazifiki hapo. Kitambulisho cha mzee cha matibabu bure ninacho, nashukuru, na pale dirishani kuna tangazo linalosema mpishe mzee kwanza, na watu kweli wanatupisha. Jirani zangu ambao hawajafika miaka 60 walijiunga na CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Lakini si kitambulisho wala si CHF inayolipa boda. Kwa hiyo huduma ni bure na kuifuata ni ghali. Mtu akikosa nauli mwezi huu, anakata kidonge nusu kwa nusu ili kifike mwezi ujao. Wengine wanagawana: mume na mke wote wana presha, anakwenda mmoja, dawa za mmoja zinaliwa na wawili. Halafu Jumanne mashine ikisoma juu, swali ni lile lile.

Kazi za nyumbani nazo hazina Jumanne. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, wa ndani, hafunguliwi. Kila siku anataka majani, na majani ya huku yanakatwa kwenye kingo za matuta, guatemala na majani ya tembo, yanabebwa kichwani. Siku ya kliniki mjukuu wangu anachelewa shule kwa ajili ya ng'ombe, au ng'ombe analala njaa na kesho yake maziwa yamepungua. Fuso la karoti nalo lilikuwa linakuja Jumatano, sasa madalali wamelihamishia Jumanne, na mimi siwezi kuwapa amri madalali. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Tunaofunga kwa ruhusa ya daktari dawa zinahamia futari na daku, na siku ya kliniki mtu ametoka kula daku saa kumi, kidole kinachomwa saa tano, muuguzi anauliza umekula, unajibu nimefunga, anaandika "hajala". Hapo mimi hucheka peke yangu.

Nikiwa kwenye mambo ya shambani niseme na hili, ingawa liko pembeni kidogo. Yule muuguzi wa zahanati alinifundisha jambo ambalo kliniki ya hospitali haikuwahi kuwa na nafasi ya kunifundisha, yaani miguu. Sukari inaua hisia za nyayo. Unaweza kukanyaga msumari ukalima nao mpaka jioni. Akaniambia kila nikivaa viatu vya mpira nivipindue kwanza nivikung'ute, nipitishe mkono ndani, na jioni nioshe miguu, nikaushe katikati ya vidole, nimwite mjukuu aangalie nyayo kwa taa. Wiki ya kwanza tu tulikuta kijiwe cha changarawe kimezama kwenye kisigino na sikuwa na habari. Mtu mmoja huku kwetu alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo, na alikuwa hakosi kliniki hata siku moja. Hakuna aliyewahi kumwambia avue kiatu. Foleni ni ndefu, wanapima, wanaandika, anayefuata.

Sasa wenzetu wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU. Hili sikulijua kwa kuchungulia kadi ya mtu, linatangazwa wazi na wahudumu wenyewe. Wanaotumia dawa za VVU ambao hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine sita. Zamani nao walikuwa wakienda kila mwezi. Wakubwa wa Wizara waliona foleni inawachosha wahudumu na nauli inawafanya watu waache dawa, wakabadilisha. Sisemi kwa wivu, Mungu awazidishie afya. Nasema tu kwamba hesabu ile ile ya nauli na foleni iliyowashawishi wakubwa kwa ugonjwa ule iko pia kwenye presha na sukari. Hatuhitaji uvumbuzi kutoka ng'ambo. Utaratibu upo, daftari lake lipo, wahudumu wameshauzoea, tena mara nyingi chini ya paa lile lile.

Zahanati nazo zipo. Tangu mwaka 2007 Serikali ilipoanza ule mpango wa MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, tuliambiwa kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Tulibeba mawe na mchanga, sisi wanawake, kwa vichwa. Jengo likasimama. Mashine ya presha imo, vya kupimia kidole vimo mara nyingine. Lakini ukiomba dawa zako za kila siku unajibiwa hizo ziko hospitali. Kila mwezi pia kuna huduma ya mkoba: wahudumu wanakuja kwa pikipiki mpaka vitongoji vya mbali, wanatundika mzani kwenye mti, wanapima watoto na kuchanja. Kasha la chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki. Mnataka kuniambia hakuna nafasi ya bahasha za vidonge pembeni ya kasha lile? Januari 2024 Serikali ilizindua pia mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao nao wangeweza kufundishwa kupima presha kwa namna ile ya yule muuguzi, kwa kiti chenye mgongo na mdomo uliofungwa.

Nimewahi kulisema hili hospitalini, nikapewa majibu ya aina mbili tatu. La kwanza, kwamba wazee watazitunza vibaya. Sisi tunaotunza mbegu ya mahindi na maharage mwaka mzima isibunguliwe, vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi yake ndivyo vitushinde? Jirani yangu anachoma insulini, chupa yake anaiweka kwenye chungu kilichokaa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga aliouloanisha, na kwa baridi ya huku inakaa vizuri. Hakuna jokofu kijiji kizima.

La pili, kwamba tutaziuza. Kwa nani? Anayehitaji amlodipini kijijini kwetu ni mimi na wenzangu wa benchi.

La tatu lina uzito na silidharau. Waliniambia dawa zinazoletwa hazitoshi, ukimpa mmoja za miezi mitatu wawili watakosa. Hapo ndipo nawaomba wenye hesabu zao wajibu hadharani. Mgonjwa ni yule yule na vidonge kwa mwaka ni vile vile, uwe umempa mara kumi na mbili au mara nne. Kinachohitajika ni mzigo wa kuanzia uwe mkubwa, mara moja. Baada ya hapo mahitaji yanajulikana mapema kuliko sasa, maana sasa hakuna anayejua nani atakuja Jumanne na nani atakosa nauli.

Sisemi kila mtu. Anayeanza dawa leo, ambaye namba zake hazijatulia, mjamzito, anayechoma insulini, mwenye figo au macho yaliyoanza kuguswa, hao waendelee kuonwa kila mwezi, tena waonwe vizuri kwa sababu foleni itakuwa imepungua. Na sisi tuliotulia tusiachwe tukapotea: tufike hospitalini kila baada ya miezi mitatu, na mara moja kwa mwaka tuangaliwe macho, figo na miguu. Hiyo safari nitaikubali kwa moyo mmoja, na karoti nitapanga nisivune wiki hiyo.

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, wanakuja wageni na turubai na fulana, wanapima watu bure uwanjani. Mwaka juzi alipimwa shemeji yangu, akaambiwa ana sukari, akapewa karatasi na ushauri wa kula samaki na kuepuka wanga. Alikuwa hajui kabisa kama anaumwa, basi ahsante kwa hilo. Lakini turubai likakunjwa jioni ile, naye akabaki na karatasi, na kituo cha karibu chenye dawa yake ni kule kule kunakotaka Sh18,000. Alikwenda miezi michache akaacha. Sasa anakunywa majani ya mti anaojua yeye. Fedha za fulana zile zingenunua vidonge vya watu wangapi sijui, na wala sizionei uchungu sana, ila turubai lijalo naomba lije na jibu la swali lake: nikishajua naumwa, dawa nitaichukulia wapi?

Kwa hiyo namwomba Waziri wa Afya, au Mganga Mkuu wa Mkoa, au Mganga Mkuu wa Wilaya, yeyote kati yao atakayesoma gazeti hili, atujibu katika ukurasa huu huu. Kama kuna mwongozo unaoruhusu mgonjwa wa presha na sukari aliyetulia kupewa dawa za miezi mitatu, autaje ili tuende nao dirishani tukiwa tumeushika mkononi. Kama kuna unaokataza, autaje pia na aseme sababu. Na kama hakuna wowote, na kila hospitali inajipangia, basi atuambie hivyo, tutajua mlango wa kwenda kuugonga. Mwenyekiti wetu wa kijiji ameshaahidi kulipeleka kwenye kamati ya zahanati, na mimi nimekubali kwenda naye, mradi kikao kisiwe Jumanne.

Jina langu na la kijiji changu nimewaandikia pembeni, ila gazetini wekeni hivi tu:

Bibi mkulima wa karoti,
Lushoto, Tanga